Picha Isiyo na Kitu Ndani

Jumamosi, 7 Juni
Nimefua mashuka ya ile gesti mpya karibu na msitu. Wawira mgongoni, amelala kama chifu. Kuingiza mashuka ndani, naona picha ukutani. Kubwa kama mlango! Nyekundu, nyeusi, halafu nyekundu tena. Hakuna mtu. Hakuna ng'ombe. Hata mti hakuna! Nikamuuliza mwenye gesti kama ni mvua iliyoiharibu. Akacheka, akasema hiyo ni sanaa ya kisasa, haichori kitu, inachora moyo, kila mtu aone lake. Nikasema asante madam. Kimoyomoyo: huyu ameuziwa ukuta.

Lakini niliporudi na mashuka mengine nikaitazama tena. Nikakumbuka siku niliyomzaa Wawira. Machozi yakatiririka. Kwa rangi tu!

Nimefikiria njia nzima. Kama rangi imenilainisha mimi, si itamlainisha Baba mkwe? Maana mwezi huu Mzee Kithaka anatuonyesha pa kujenga, sisi na Lorna, mke wa kaka yake mume wangu Gitari. Mahali ni pawili. Pa kwanza ni kule chini karibu na mto, udongo mweusi, nimeshaweka jikoni yangu pale kwa macho. Pa pili ni kona ya juu, mawe matupu, na harufu ya zizi la baba mdogo Muchangi inakuja bila kubisha hodi. Lorna amemshonea Mzee vitambaa vya makochi. Vitambaa! Mimi nitampa moyo.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya kanisa nimemwomba Gitari ile rangi iliyobaki walipopaka kituo cha majani chai. Kijani nyingi, buluu kidogo, kahawia ya kupaka chini ya ukuta. Akauliza nachora nini. Nikamwambia sichori kitu. Akasema kama si kitu, basi rangi ya nini? Wanaume hawana moyo. Lakini mikebe ameleta.

Jumatatu, 9 Juni
Bomba limekauka tena. Miparachichi ya Mutugi, mwenyekiti wa mradi wa maji, haijakauka. Watu wananong'ona ati kuna paipu inapotea chini ya nepia yake, yale majani ya ng'ombe. Mimi simo. Nimechota mtoni, nikaanza sanaa.

Plaiwudi ya kitanda kilichovunjika, chini kwenye nyasi. Kijani hapa, kijani kule. Buluu katikati, ikajipinda yenyewe. Nilidhani kuchora bila kitu ni kazi ya dakika. Wapi! Ng'ombe ukimkosea pembe unajua umekosea. Hii unakosea na hujui wapi. Kijani ilikaa kando ya kahawia kama watu waliokosana kanisani. Nikafuta, nikarudia. Githeri ikaungua jikoni.

Halafu, ajabu! Wawira alikuwa amejishikilia kwenye mkebe wa kahawia, kiguu kimoja ndani. Akaachilia. Akapiga hatua! Ya kwanza tangu azaliwe! Pwaa, kwenye kona ya juu ya picha. Nikapiga kelele, nikalia, nikambusu mpaka mdomo wangu ukawa kahawia. Kufuta ile alama, ikapanuka ikawa kama boksi. Nikaiacha. Kila mtu aone lake.

Jumatano, 11 Juni
Nimetundika! Sebuleni kwa Baba, kati ya kalenda na kochi lenye vitambaa. Nikamweleza kwa heshima kwamba ni sanaa ya kisasa, ndani hamna kitu. Baba akavaa miwani. Akasogea. Nikajiambia, moyo huo unayeyuka.

Akauliza ni nani ameniambia. Nikasema kuambiwa nini, Baba? Akaweka kidole kwenye buluu: huu si mto? Hii si chai yangu? Hii si nepia ya Muchangi? Na ni nani amekupa ruhusa ya kusongesha mpaka?

Wuui! Nikamwambia hakuna mto, ni hisia. Lorna akaingia na chai wakati huo huo. Akatazama, akasema kwa sauti ya asali kwamba tena Mama Wawira ameshajijengea nyumba, ile pale kwenye kona. Nikasema ni mguu wa mtoto. Akauliza kama huyo mtoto amezaliwa bila vidole.

Chai sikunywa.

Ijumaa, 13 Juni
Kuna mtu amemwambia Muchangi. (Ni Lorna.) Amekuja moja kwa moja kutoka shambani, panga mkononi, kusema amesikia amechorwa na kunyimwa mto. Nikamwambia baba mdogo, ile kijani ni hisia tu. Akauliza ni hisia ya nani, na kwa nini imevuka mpera wake.

Baba, aliyenifokea juzi, sasa akasema picha iko sawa. Muchangi akasema iko sawa kama yale matoka ya kaka yake, maua ya mpakani yenye miguu, kila masika yanalala kwake na kuamkia kwa mwingine. Baba akasema rudia. Akarudia.

Gitari akanitazama. Nimemjua miaka mitatu, sijawahi kuona uso ule. Akaninong'oneza kwamba tukikosa hata kona, nitajenga kwenye plaiwudi.

Ngai! Nikawaza Wawira wangu akikulia chumba kimoja, amebanwa kati ya mikebe. Nikafungua mdomo kuungama kwamba sijui kuchora. Hawakunisikia. Walikuwa wameng'oa picha ukutani! Wazee wawili, mmoja huku, mwingine kule, wanaibeba mpaka shambani kama jeneza. Kijiji nyuma. Wanaigeuza, wanasogeza, wanabishana, wanahesabu mipera. Lorna amebeba stuli ya Baba, mtumishi mwema!

Jumamosi, 14 Juni
Siamini. Wamekubaliana! Wamepanda matoka mapya kwa kufuata picha, pale kijani na kahawia yangu zilipokosana. Muchangi amepata mpera, Baba amepata amani, wamekunywa uji kibuyu kimoja. Muchangi akasema mpimaji wa serikali hakuwahi kupima vizuri hivyo. Nikasimama wima. Sasa, nikajua, ni mto wetu.

Baba akatuita. Akasema yeye hawezi kumnyima mtu kile alichokichora kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nimejenga kwenye kona, basi kona ni yangu. Mtoni apewe Lorna.

Lorna akanikumbatia. Akaniambia sanaa yangu ni nzuri sana.

Jumapili, 15 Juni
Tumepanda kwenda kuiona kona yetu. Mawe. Zizi. Nilitaka kulia, lakini Wawira alishuka mgongoni, akasimama, akatembea hatua nne juu ya mawe yale, akaketi kama mwenye hati. Ukungu ukapasuka, mlima ukajitokeza wote. Gitari akasema dirisha liwe upande huu. Mwanangu alipachagua hapa kabla ya mtu yeyote. Nitapapenda.

Ila maji hakuna hata tone.

Ijumaa, 20 Juni
Nimelala nikiwaza, nimejua kosa langu. Kijani! Kijani ni shamba, mtu wa hapa kwetu Kibugu akiona kijani anaona mpaka. Sasa nimechora buluu peke yake, zawadi ya mwenyekiti Mutugi, ili akumbuke kona yetu. Ni mistari tu. Mmoja mnene unashuka kutoka juu, vyembamba vinatoka kando, na kamoja kanajipinda peke yake na kupotelea chini ya majani fulani ya ng'ombe yaliyonata kwenye rangi mbichi. Hako kamoja ndiko kazuri kuliko vyote. Sijui kametoka wapi moyoni mwangu.

Nitampa kesho kwenye mkutano wa mradi, mbele ya wanachama wote, afurahi. Mistari! Hapo nani atagombana?