Chupa Mbili na Kiti cha Kijani

Habari yenyewe ilikuwa ndani kabisa ya gazeti la wilaya, chini ya tangazo la majeneza, na Profesa ndiye aliyeisoma kwa sauti. Mtu mmoja wa bondeni, akiteremka mlima kwa baiskeli, alishindwa kusimama, akapita katikati ya hema la harusi na kwenda kukumbatiana na keki. Bibi harusi hakuumia. Keki haikupona. Fundi aliyeikagua baiskeli alisema breki zilikuwa na mafuta yasiyo yake.

"Mafuta yasiyo yake," Klachi akarudia, kama mtu aliyetukaniwa mama. "Breki ni breki. Ukibana, inasimama. Hayo mengine ni waandishi wanatafuta mkate."

Walikuwa kijiweni kwao, kwenye meza iliyo jirani na jiko la kuni katika mkahawa wa Radojka, kila mmoja na kahawa yake ndani ya birika dogo la shaba. Klachi, ambaye padri alimbatiza kwa jina la Gvozden, aliendesha malori ya magogo mpaka alipostaafu, na inasemekana aliua klachi nyingi kuliko miti. Profesa, yaani Ljubinko, hajawahi kufundisha shule yoyote. Yeye husoma kila kitu kwenye simu, na hajawahi kushika spana.

Wa tatu, Vidoje, aliyekuwa tarishi wa posta, alikuwa akichungulia dirishani. Kahawa yake ilikuwa inapoa.

Alikuwa na sababu. Nje, chini ya dirisha, iliegemea baiskeli yake ya mlimani, na breki yake ya mbele ilikuwa haina mafuta. Aliyamwaga mwenyewe asubuhi ile, kwa sababu yalikuwa meusi na mkono wa breki ukibanwa ulilala hadi kwenye usukani. Na saa sita Desanka wa duka la dawa angekuwa juu mlimani, kwenye kibanda cha wapanda milima. Desanka, mjane kama Vidoje alivyo mgane, alimwambia wiki iliyopita huku akimfungia vidonge vya presha: Jumapili tushuke pamoja. Vidoje alirudi nyumbani bila vidonge.

Tatizo ni kwamba daktari wa meno, Nenad, alikuwa nyuma kwenye foleni, akajialika. Kwa hiyo Vidoje asipopata breki, atashuka kwa viti vya kamba, vile vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, pamoja na wastaafu wenye chupa za chai na sweta za kufuma, miguu ikining'inia, huku chini yake Desanka na daktari wakipotelea msituni.

Akafungua mkoba, akaweka mezani chupa mbili za plastiki zilizowahi kuwa na maji. Hazikuwa na karatasi ya jina. Zote zilikuwa na kitu chenye rangi ya chai iliyopunjwa majani.

"Mpwa wangu wa gereji amenipa," alisema taratibu. "Moja ni mafuta ya madini, ndiyo yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha breki yangu. Nyingine ni mafuta ya breki za gari. Alinieleza kwenye simu ipi ni ipi, ila nilikuwa nanyoa ndevu."

"Mpigie tena," alisema Profesa.

"Yuko kanisani, anabatizisha mtoto. Simu imezimwa."

Klachi alicheka hadi kikombe kikatikisika. Akasema chukua yoyote, kumu wangu. Walikuwa wakiitana kumu tangu Klachi alipomsimamia Vidoje siku ya harusi yake, na jina hilo lilimpa Klachi haki ya kumshauri juu ya kila kitu mpaka kaburini. Profesa akamkatiza. Alieleza, simu mkononi, kwamba ndani ya breki mna mipira midogo, na kila mpira umezoea mafuta yake. Ule wa mafuta ya madini ukiutia ya gari, unavimba. Ukivimba haurudi mahali pake.

"Magoti yangu yamevimba tangu zamani," alisema Klachi, "na bado natembea."

"Unatembea kwa sababu hakuna anayekubana."

Radojka, aliyekuwa akikatakata vitunguu nyuma ya kaunta, alitoa kichwa na kuwakumbusha kwamba viti amevipaka rangi juzi kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake. Atakayemwaga kitu atakula sikukuu hiyo kwao. Kisha akarudi kwenye vitunguu.

Sasa, katika mji ule kitu chochote kilichomo kwenye chupa isiyo na jina huamuliwa kwa njia moja tu, ile inayotumika kwa rakija, ile pombe kali ya plamu iliyopikwa nyumbani. Unaitikisa chupa, unaangalia mapovu yanavyojipanga shingoni kama shanga, na shanga zikikaa, kitu ni halali. Kisha unadondosha kidogo kiganjani, unasugua, unanusa. Ndivyo baba zao walivyofanya. Hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyejiuliza hayo yanahusiana vipi na breki.

Profesa akachukua chupa moja, akaitikisa juu ya meza kwa adabu, tone moja likaangukia kiti cha jirani. Klachi akaitikisa ile nyingine kama anayeamsha mlevi, na kifuniko kilikuwa kimelegea, mafuta yakammwagikia mapajani na kitini. Akajifuta, akasugua viganja, akanusa huku amefumba macho.

"Hii," alisema. "Angalia shanga zilivyosimama. Hii ndiyo mali. Yako, Profesa, ni maji ya kuoshea glasi."

"Yangu ina harufu nyepesi."

"Hata wewe una harufu nyepesi, ndiyo maana hakuna anayekutegemea." Klachi akakaa kwa kishindo cha mshindi. "Kumu, tia hii. Mimi najua. Hata daktari wa meno alikuja kwangu Jumatano hii na baiskeli yake mpya. Nikamtilia ya gari, kopo zima, nikazitoa breki upepo mwenyewe. Akanishukuru."

Kisu cha Radojka kilisimama juu ya kitunguu.

"Breki zake zinataka nini?" Vidoje aliuliza.

"Kifuniko kilikuwa na maandishi kama ya kwako," alisema Klachi. "Sikuwa na miwani."

Profesa alitabasamu kwanza, pole pole, kama mtu anayeona zawadi mlangoni. Alimnong'oneza Vidoje kwamba Mungu akikupa, usiulize bei. Vidoje aliitazama simu yake muda mrefu. Alimfikiria daktari, mtu wa majivuno lakini mwenye mama mzee na mkono mpole kwenye jino. Akaifikiria keki. Kisha akampigia.

Mazungumzo yalikuwa mafupi. Daktari alishukuru kwa kujali, akasema hapokei ushauri wa breki kutoka posta, na kwamba, kwa taarifa yake, breki hizo hazijawahi kubana vizuri kama leo.

"Umejaribu," alisema Profesa, kwa huzuni kidogo.

"Bado sijui chupa," alisema Vidoje. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa tano na nusu.

Hapo Klachi alitaka kuinuka kuchukua kuni. Aliinuka, ila kiti nacho kiliinuka. Akakivuta, kikaachia kwa sauti ya plasta inayobanduliwa, na alipogeuka, makalio ya suruali yake ya Jumapili yalikuwa ya kijani toka mfuko hadi mfuko. Kitini palibaki mbao tupu, na pembeni rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Vidoje hakukitazama kiti hicho tena. Alikitazama kile cha jirani, palipodondoka tone la Profesa. Alilifuta kwa kidole. Chini yake rangi iling'aa, haikuguswa.

"Ya gari hula rangi," alisema. Akaichukua chupa ya Profesa.

Kilichofuata kilifanyika kwa haraka na bila mabishano, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye meza ile. Radojka alileta bomba la sindano analopigia mbuzi dawa. Profesa alishika usukani, mara ya kwanza maishani kushika kitu chenye nati. Vidoje akasukuma mafuta kutoka chini, akatoa upepo, akabana, akaachia, akabana tena, mpaka mkono wa breki ukawa mgumu kama mkono wa mtu mwenye msimamo. Klachi aliruhusiwa kusimama mbali, mgongo ukutani.

Vidoje alipofika juu, kwenye kibanda, Desanka alikuwa amevaa kofia nyekundu ya baiskeli na anacheka. Daktari alikuwa amepiga magoti, ametota jasho. Gurudumu lake la mbele halikuzunguka. La nyuma pia. Breki zilikuwa zimebana na zimekataa kuachia.

"Nilikwambia zinabana," alisema, bila kumtazama Vidoje.

Vidoje alimsaidia kubeba baiskeli hadi kwenye viti vya kamba, akamtafutia nafasi kati ya mama mmoja anayefuma na mwingine mwenye chai. Kisha yeye na Desanka wakateremka. Kila kona alibana, na kila kona breki ilimwitikia. Kwenye kona moja Desanka alipiga kelele kama msichana, na Vidoje, tarishi aliyebeba barua za mapenzi za watu wengine maisha yake yote, akajibu kwa kelele yake mwenyewe. Juu ya vichwa vyao walipita wastaafu, wakawapungia mikono. Daktari alikuwa ameshikishwa uzi.

Alasiri waliingia mkahawani wawili, wamejaa matope hadi kwenye nyusi. Profesa alisimama kumpa Desanka kiti. Klachi alikuwa pale pale, amewekwa na Radojka kwenye kiti kilichobanduka, ambacho tangu leo ni chake, sikukuu na siku za kazi. Alisikiliza habari ya daktari hadi mwisho, akamimina rakija, akainua glasi kama mtu aliyeyapanga yote.

"Kumu wangu," alisema, "sasa naweza kukuambia. Siku ile ya baiskeli ya daktari, miwani nilikuwa nayo."