Baba Mkubwa na Kinu cha Nyuklia

Jumatatu, 4 Agosti

Furaha! Baba amepata kazi. Yaani, karibu kazi. Kinu cha nyuklia kilicho kusini mwa jiji letu la Sydney kitazimwa wiki chache kwa matengenezo, na wanataka vibarua wa usafi. Tangu ghala alimofanya kazi lilipofungwa, Baba yuko nyumbani anaosha sahani safi. Ila kwanza lazima achunguzwe: ni nani, katoka wapi, anajuana na nani. Afisa atapiga simu keshokutwa. Baba anataka binamu yangu Falone aje kutoka mtaa wa Doonside kutafsiri, eti anaongea Kiingereza cha puani kama wenyewe. Falone! Kitabu pekee alichomaliza ni cha mapishi. Mimi nimesoma viwili vya atomi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwandikia Falone kwamba simu imesogezwa hadi Ijumaa. Uongo mdogo. Kwa ajili ya sayansi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetafsiri! Afisa anaitwa Bwana Ronnie, sauti ya upole. Akauliza baba yake Baba yuko wapi. Baba akajibu kwamba baba aliyemzaa alifariki, baba mdogo yuko Doonside, baba mkubwa yuko Uvira, kule Kongo. Mkalimani mwema haongezi wala hapunguzi. Kwa hiyo nikasema mmoja amekufa, Little Father yuko Doonside, Big Father yuko Uvira.

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Bwana Ronnie akauliza huyu Big Father ni nani hasa. Baba, kwa heshima zote, akasema ndiye mkuu wetu. Akiagiza jambo, hata sisi tulio Sydney hatuna ubishi. Nikatafsiri lote, pamoja na ubishi. Je, Baba yumo katika kikundi chochote? Baba akatabasamu. Jeshi la Mwisho, hukutana kila Jumamosi. Ni kwaya. Hakusema ni kwaya kwa kuwa sote tunajua. Nami sikuongeza.

Alhamisi, 7 Agosti

Falone kajua; Baba kamsimulia simu yote. Kanipigia akicheka hadi akapaliwa. Wee profesa Chibalonza, yaani mzee wa watu, mfuga mbuzi, umemfanya jemadari! Kisha akaacha kucheka. Akasema nimpe namba ya huyo bwana amweleze kuwa ni uncle tu. Neno moja, basi. Nilikuwa nalijua. Niliona halitoshi, maana halisemi kama ni mkubwa au mdogo.

Namba sikumpa. Nimemwandikia Bwana Ronnie mwenyewe, kurasa mbili, aone kwamba sisi ni watu wa elimu. Nimemuuliza ukuta wa kinu una unene gani, mafuta yake huwekwa wapi, na kama usiku walinzi ni wachache, maana Baba hapendi upweke.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamepiga. Ombi la Baba limewekwa kando kwa uchunguzi zaidi, na matengenezo yataisha kabla ya huo uchunguzi. Baba hakunigombeza. Alisema si kitu, mama, ulisaidia. Afadhali angefoka. Ameosha sahani zote, akazipangusa, akaanza upya. Nilijifungia chumbani na kitabu cha atomi. Sikufungua ukurasa hata mmoja. Barua yangu hajui kama ipo.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada, Babu Dieudonné, yaani yule baba mdogo wa Doonside, kaleta habari: uwanja wa ndege unatafuta wafagiaji. Huko pia huchunguza watu. Baba kavaa tai siku nzima, hata kwenye kochi. Safari hii atatafsiri Falone, na nimekubali bila kununa. Nimekua. Nimefanya jambo moja dogo tu: nimewaandikia wa uwanja wa ndege mapema, wasije wakasikia kwa wengine, kwamba ile habari ya baba yangu na nyuklia ilikuwa kutoelewana tu.