MC wa Matanga na Wapiga Vayolini Wanne

Jumatatu, 10 Novemba

Habari nzito. Jumamosi wapiga vayolini wanne wanakuja kucheza kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Kibera. Watu wa sifa, wameitwa mpaka ng'ambo. Mama Valerie, mwenyekiti wa kamati, anataka MC. Binti yake anaolewa Desemba, na amesema atakayefanya vizuri Jumamosi ndiye atakayeshika maikrofoni ya harusi.

Hiyo harusi ni yangu. Nimeongoza matanga mtaa wetu wote wa Gatwekera, mpaka watu wakiniona asubuhi wanauliza nani ametuacha. Harusi sijawahi kupewa hata moja. Inaniuma.

Nikamwendea. Akasema pole, ameshaongea na MC Gichuru wa Kawangware. Gichuru! Suti nyeupe na vichekesho vya mama mkwe. Tutaona.

Jumanne, 11 Novemba

Nimetembea mpaka Kawangware. Gichuru alikuwa kwa kinyozi. Nikamwambia kwa siri, kama ndugu, kwamba hao wanamuziki ni wakali. MC anakaribisha watu, anakaa. Wakinyamaza katikati, ukumbi wote unanyamaza nao. Hakuna makofi mpaka mwisho kabisa. Niliyatunga yote papo hapo. Kichwa changu kikiamka, kinafanya kazi vizuri.

Gichuru akauliza, "Sasa hiyo ni job gani, buda?" Kufikia jioni alikuwa amejitoa. Mama Valerie akanipigia mwenyewe. Nilijifanya nafikiria kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama Valerie ameniletea maagizo, eti ya wanamuziki. Nikaribishe watu, nikae. Watacheza kipande kimoja chenye sehemu nne. Wakinyamaza katikati, nisifanye chochote. Makofi ni mwisho tu.

Nusura nianguke. Uongo wangu wenyewe, neno kwa neno! Ni Gichuru. Amemjaza huyu mama maneno yangu ili nikae kimya niaibike. Hajui anacheza na nani. Nikajibu ndiyo, mama, nimeelewa.

Jumamosi, 15 Novemba

Ukumbi ulijaa. Sehemu ya kwanza ikaisha, wakashusha pinde zao. Kimya. MC akiacha kimya kikae, kazi yake imekufa. Nikaruka, nikadai makofi ya kilo, nikawasalimia Bwana asifiwe mara tatu. Watu wakachangamka. Kimya cha pili nikawasimamisha wageni wenye ploti za kupangisha kutoka Kawangware wapunge mikono. Mama Valerie alinitolea macho. Nikajua harusi imeiva.

Sehemu ya tatu ilikuwa polepole, ya huzuni sana. Phanice, muuza mboga wa Silanga, alilia bila kujificha. Hata mimi nilimkumbuka baba. Kisha wakanyamaza tena. Na pale mbele, chini ya jukwaa, lilikuwa limelala sanduku jeusi la ile vayolini kubwa inayobanwa kwa magoti. Refu. Limefungwa.

Mdomo ulienda wenyewe, kama matangani: Familia ibaki imeketi, wengine tupite mstari mmoja, tuingilie kushoto, tutokee kulia.

Wakapita. Ukumbi mzima. Mtu wa Kibera akitangaziwa hivyo haulizi swali, anainuka. Phanice aligusa sanduku akasema pumzika salama. Mwenye vayolini alisimama na upinde mkononi, akapewa pole na kila mtu, akashukuru. Sehemu ya nne ilichelewa sana.

Jumapili, 16 Novemba

Harusi amepewa Gichuru. Nilimuuliza Mama Valerie kosa langu ni lipi. Akasema, "Wanzala, umezika sanduku la wenyewe." Nikamweleza kwamba maagizo yale yalikuwa hila ya Gichuru. Akaingia ibadani.

Baada ya ibada Phanice akanijia. Mjomba wake amefariki, na familia haitaki MC mwingine, kwa vile nilivyowapitisha watu jana kwa heshima. Nikakubali. Roho iliniuma, lakini nikakubali.

Desemba bado iko mbali. Kesho naenda Kawangware. Nitamwambia Gichuru kwa siri, kama ndugu, kwamba bwana harusi hataki mtu yeyote acheke.