Kulungu Mmoja, Vifaa Vinne

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefika kwenye kambi yetu ya kuwinda kulungu. Gari lilijaa mpaka mlango wa nyuma nikaufunga kwa kamba. Sledi ya plastiki, ya kuburuta mzigo juu ya theluji. Mkokoteni wa magurudumu mawili. Mkanda wa kuvaa kifuani, wa kukokotea. Winchi ndogo ya petroli, mashine ya kuvuta kwa waya. Bunduki nusura niisahau. Mke wangu Lorna ndiye aliyenikumbusha. Lorna ana kumbukumbu nzuri, lakini sayansi haimwingii. Wiki iliyopita nilimwomba alale ndani ya sledi ajifanye kulungu, nipime uzito. Akasema amejifanya mengi katika ndoa hii, lakini kulungu hapana.

Mwanyumba wangu Reino, aliyemwoa mdogo wake Lorna, amekuja na kamba moja na kijiti. Basi! Mtu mzima, mkata magogo! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Reino aliendelea kukunja kamba yake. Husema kama maneno sita kwa siku, na leo alishayamaliza kwa kuomba chumvi.

Baada ya kula, tangazo! Baba mkwe wetu, Mzee Arvo, amesema magoti yamemshinda. Huu ndio msimu wake wa mwisho katika kile kibanda cha kuvizia kule juu ya kilima. Kibanda! Dirisha la kioo. Hita ya gesi. Kiti chenye mito. Atamwachia mkwe mmoja. Ni yule atakayeleta dume lenye pembe za ncha nyingi zaidi, na amtoe mwenyewe kwenye kinamasi cha chini ya kilima hadi kwenye mti wa kutundikia wa kambini, bila kuita mtu. Ukiita mtu, kwisha habari yako.

Miaka kumi na moja nimekaa kinamasini juu ya ndoo. Makalio yangu yanaijua baridi kwa jina. Kibanda ni changu mwaka huu.

Jumamosi, 15 Novemba. Msimu umefunguliwa.

Nilishuka kinamasini alfajiri na vifaa vyote. Mkokoteni unalia kama mlango wa ghala. Si kitu.

Saa mbili asubuhi, mlio mmoja wa bunduki upande wa Reino. Saa nne, dume la ncha nane linaning'inia mtini. Kamba na kijiti! Bahati tupu.

Wangu alitokea saa tano, mita thelathini, ametulia. Kwa kujiandaa nilikuwa nimeshavaa mkanda wa kifuani, na mkanda nilikuwa nimeshaufunga kwenye sledi. Niliposimama nilenge, sledi nayo ikaja, na ndani yake mkokoteni, nikayumba. Risasi iliingia kwenye mwerezi. Kulungu hata hakukimbia, aliondoka akitembea.

Hapa kambini ukikosa shabaha unakatwa pindo la shati, linapigiliwa msumari ukutani. Mzee Arvo alichukua mkasi kabla sijavua viatu. Alisema ukuta ule sasa una nguo zangu nyingi kuliko kabati langu. Reino alitabasamu. Sikupenda.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepata njia ya kumpunguzia Reino ncha. Wazee wa huku wanasema ncha ya pembe haihesabiwi mpaka uweze kutundika pete juu yake. Ncha ya nane ya dume la Reino ni kinundu tu! Nikamwita Mzee ashuhudie. Nikavua pete yangu ya ndoa, nikaitundika.

Ikakaa. Vizuri mno. Kisha ikagoma kutoka.

Nilivuta, nikazungusha, nikapuliza. Mzee alisema Lorna akisikia nimeoa kulungu, yeye hayumo. Reino alileta siagi, akaitoa kwa vidole viwili, akanirudishia bila neno. Ukimya wa yule mtu una kiburi ndani yake.

Jumanne, 18 Novemba

NIMEPATA!!!

Nilikuwa nimeinamia winchi naisafisha plagi. Nikainua macho, dume limesimama linaitazama winchi. Hata wanyama wanatambua kifaa cha maana. Risasi moja. Likaanguka palepale. Nilihesabu ncha mara nne: kumi! Nikakaa chini kwenye theluji nikalia kidogo. Hilo nalikiri humu tu.

Nikamtoa matumbo, nikafunga kibali changu cha kuwinda kwenye pembe. Sasa ilibaki kazi ndogo: kumtoa. Nilitafakari kwa muda wa saa mbili kifaa kipi kinafaa. Mkokoteni nilianza nao. Gurudumu moja likazama, la pili likabaki angani linazunguka. Nikahamia kwenye sledi. Nikamlaza, nikamfunga, miguu ya nyuma ikiwa mbele, ndiyo mipini aliyompa Mungu. Kila hatua tano pembe zinakamata kichaka. Nakata kichaka. Hatua tano tena.

Halafu nikapata hofu. Msitu umejaa wawindaji wageni wa mjini, na hapa kuna pembe za ncha kumi zinatembea vichakani. Nikavua kizibao changu cha rangi ya chungwa, kile cha sheria ili mwindaji asipigwe risasi, nikamvika. Kofia nikaitundika kwenye pembe. Akapendeza.

Ndipo akatokea askari wa wanyamapori, mama mmoja mrefu na daftari. Aliangalia kulungu aliyevaa chungwa. Akaniangalia mimi na koti langu la kahawia, nimeinama, naburuta. Akauliza kati yetu wawili mwenye leseni ni nani. Nikamweleza. Akasema, “Baba, mvue huyo uvae wewe. Yeye yameshamkuta.” Aliniachia kwa onyo, lakini alikuwa akifuta machozi.

Akajitolea kusukuma. Nikakataa! Kibanda kwanza. Jioni ilinikuta sijafika popote. Pembe zimeingia chini ya gogo la mwerezi. Nimemwacha huko. Kambini nimesema nampumzisha.

Jumatano, 19 Novemba

Baridi kali imekaba kila kitu. Pembe zimegandia topeni chini ya lile gogo. Reino alipokuwa akinywa kahawa alinitazama akasema, “Kichwa mbele, mwanyumba.” Ushauri wa mtu mwenye kijiti! Nikamshukuru kwa dharau.

Siku ya winchi! Nilifikiria hivi: mashine ikae chini, niifunge kwenye sledi ya kulungu, waya upande mpaka juu ya kilima, ufungwe kwenye kitu kizito. Huko juu miti yote ni myembamba kama fimbo. Lakini kibanda kipo! Kimejengwa kwa mbao nene juu ya magogo mawili. Nikafunga waya kwenye gogo la mbele. Nikashuka. Nikawasha.

Waya ukakazika. Mashine ikaunguruma. Kulungu hakusogea hata ukucha. Nikaongeza petroli.

Kitu kilianza kusogea. Nikashangilia! Nikamtazama kulungu: yuko palepale. Nikatazama kilimani.

Kibanda kilikuwa kinakuja.

Kilikuja polepole, kwa heshima, juu ya magogo yake mawili, kwenye theluji laini kabisa. Dirishani alikuwepo Mzee Arvo na kikombe cha kahawa. Alikuwa amepanda polepole kwa njia ya kambini, mimi nikiwa nimeshashuka, ashuhudie nani anaibuka kinamasini. Katikati ya mteremko kibanda kikapata haraka zake. Nilimwona Mzee akiinua kikombe kisimwagike. Nikaruka pembeni. Kikapita, kikavunja barafu, kikazama mpaka kizingitini, kikatulia.

Mlango ukafunguliwa. Mzee akatoka topeni na kahawa yake nzima. Akasema, “Mkwe wangu, nilisema umtoe kulungu kinamasini, au nilisema umletee kibanda?”

Nikapiga kelele kumwita Reino. Sikuwa na la kufanya. Magoti ya Mzee yangempandishaje mteremko ule wa theluji? Reino alimbeba Mzee mgongoni hadi juu. Kisha akarudi kwa kulungu. Akapasua tope kwa shoka, akafunga kamba kwenye pembe, kijiti akakishika kama mpini, akavuta kichwa mbele, manyoya yakilala na kuteleza juu ya theluji. Dakika arobaini.

Nimeita mtu. Kwisha habari yangu. Nimekaa nje ya kambi nisionekane uso. Inauma kweli.

Alhamisi, 27 Novemba. Siku ya Shukrani.

Mezani kwa Mzee Arvo, bata mzinga na ukoo mzima, hukumu imesomwa. Reino amepewa kilima. Mimi nimepewa kibanda, kwa kuwa nimeshakileta mahali ninapokaa. Watu walicheka mpaka Lorna akaangusha uma. Reino ataanza kujenga kipya huko juu mwezi wa nne.

Mwacheni ajenge! Mwenye kibanda ni nani? Ni mimi! Tope sasa limefika dirishani tu, na hita nadhani itakauka. Kinachotakiwa ni kukipandisha tena kilimani kabla hajapigilia msumari wa kwanza. Nimeshaagiza winchi mara tatu ya ile. Nimegundua kosa lilikuwa kwenye pa kufungia waya: kibanda ni chepesi. Safari hii nataka kitu kisichoweza kusogea hata kidogo.

Nimeshapima. Kutoka hapo kinamasini, waya unafika vizuri kabisa kwenye nguzo ya nyumba ya kambi, nyuma ya kilima.