Ombi la Kukiachisha Kazi Kibandiko cha Kifuani pa Mama

Kwako Kaka Mkubwa,
Msimamizi wa Moyo wa Mama (kutoka mbali).

Kaka mheshimiwa,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni. Tii. Mwembamba, mfupi, kama wa kifaranga aliyekanyagwa. Ulitoka kwenye simu yangu mchana mmoja, Mama akiwa amesimama sebuleni ndani ya gauni lenye mkono mmoja. Jirani yetu Fundi Cherehani, pini zikiwa mdomoni, alikuwa akimsimulia jinsi alivyomshonea bwana harusi suruali yenye zipu nyuma. Mama alikuwa anacheka. Wewe hujakisikia kicheko hicho tangu tumzike Baba, kwa hiyo nakueleza: kinaanzia tumboni na kinamlazimisha kushika ukuta. Simu ilipolia alikikata katikati, akashika kifua kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Najua ulikituma kibandiko kwa nia njema, baada ya Mama kuanguka bafuni. Ni kidogo, chembamba, kimeng'ang'ania ngozi kama kupe msomi, na kila pigo la moyo wake linafika kwenye simu yangu na yako. Kwa heshima zote, nayaweka malalamiko yangu mbele yako.

1. Kibandiko hakijui tofauti ya furaha na ugonjwa. Siku ile ulipiga simu kabla pini hazijatoka mdomoni mwa Fundi. "Mama ana nini? Nani yuko hapo?" Nikasema ni Fundi, anamjaribisha gauni. "Mwambie aende, anampandishia moyo!" Fundi akakusanya vitu vyake. Tangu hapo umepiga marufuku wageni wote wachekeshaji, ukamruhusu Shangazi peke yake, ambaye hana habari nyingine ila za waliokufa, kwa kuwa akiwepo mstari wa moyo unatulia. Unatulia kwa sababu Mama anasinzia, Kaka.

2. Hakuna tena anayemsalimia Mama. Unanipigia mimi, unasema, "Mapigo mazuri leo, hongereni," unakata. Mama ananiuliza, "Kaka yako anasemaje?" Namwambia kasema mapigo yako ni mazuri. "Na mimi je, hajaniulizia?" Hapo najifanya natafuta chaja, mimi mliyenisomesha mpaka chuo kikuu.

3. Mama anaamini unamsikia kupitia humo. Nimemkuta jikoni ameinamisha kidevu ndani ya ukosi wa gauni, anakiuliza kibandiko, "Umekula, mwanangu?" Hakikujibu. Kwa hilo mmefanana sana.

4. Kama kifaa ni kizuri kiasi hicho, nashauri kitumike kwa haki. Ubandikwe na wewe, simu ilie huku kila unaposema utakuja likizo. Abandikwe Shemeji anaposema ametukumbuka. Abandikwe Shangazi, tuone kama moyo anao. Ukoo mzima ukishabandikwa, tuache kabisa kutembeleana. Simu zijuliane hali zenyewe kwa zenyewe, na penye msiba zitume tii moja ya rambirambi.

Kwa kuwa najua maombi yanavyochelewa kwako, sikusubiri. Nilikilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikakibandua kifuani pa Mama, nikakibandika pangu. Ulipoandika juzi, "Mama amekuwa kijana, mnaona faida ya teknolojia?" ulikuwa unausifia moyo wangu. Fundi amerudi. Gauni limepata mkono wa pili. Mama anacheka mpaka mwisho, na hakuna kinacholia.

Nisalimie Shemeji, watoto, na hiyo simu yako, ambayo ndiyo ndugu yetu wa karibu zaidi huko.

Wako katika unyenyekevu uliobaki,
Kitinda mimba wa Mama.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha uliponipigia jana ukihema: moyo wa Mama unaruka mapigo hata akiwa amelala, apelekwe hospitali sasa hivi. Nilicheka. Nikaenda hospitali mimi, nipate cheti cha uzima cha kuambatanisha hapa kama ushahidi dhidi yako. Daktari alinipima kwa mashine yake, akaacha kunitania kuhusu kibandiko, akavuta kiti akaketi. Kilikuwa kinasema kweli. Nimeanza dawa, na amesema kisitoke mwilini mwangu. Kwa hiyo tuma kingine cha Mama. Amekiomba mwenyewe, kwa sharti kwamba Fundi asiguswe na kwamba umuulize yeye, si mimi, ameamkaje. Simu yangu nimeshamkabidhi. Yuko nayo sebuleni pamoja na Fundi, na sasa hivi imelia tii, naye amepaza sauti: "Wee mtoto, weka kalamu chini, moyo unapanda!"

Naiweka, Kaka.