Gari Lililokua Ndani ya Lupango

Jumanne, tarehe 2 Desemba

Aibu! Gari limekwama tena njia ya Kasungami. Si shimoni. Juu ya tuta! Malori yamechimba mikondo miwili, na katikati umebaki mgongo wa udongo mwekundu. Gari letu likaukalia kwa tumbo, kama kuku anayeatamia. Magurudumu yakazunguka bure.

Nafafanua, kwa faida ya watakaosoma baada yangu. Kati ya tumbo la gari na ardhi kuna nafasi. Nafasi hiyo ikiwa ndogo kuliko tuta, gari linageuka jengo. Nilimweleza mke wangu Rachida jambo hili pale pale, kwa utulivu, huku akina mama waliotoka mashambani wakitusukuma. Hakusikiliza. Naye alikuwa akisukuma.

Jirani yetu Faustin, dereva wa treni mstaafu, mtu mwenye mwili wa watu wawili, alikuwa kiti cha nyuma. Tulikuwa tumembeba kwa hisani. Hakushuka. Goti, alisema. Akaniuliza kwa upole, tena, kama gari linauzwa.

Rachida akajibu kabla yangu, akiwa na tope hadi magotini. Mahindi yake ya Kasungami yanageuka manjano. Yanataka mbolea wiki hii. Gari likiifikisha mbolea shambani kabla ya Jumapili jioni, libaki. Lisipoifikisha, Papa Faustin alichukue.

Gari langu! Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ndipo nikalipata, nalo tayari lilikuwa limezeeka huko Japani. Liende kwa mtu aliyeendesha chombo kisicho na usukani!

Nitaliinua. Kwa gharama ndogo. Kwa sayansi.

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Fundi Osée amekuja kutoka Kampemba. Sifa yake kubwa: hakatai kitu. Nilimwambia nataka gari lipande juu. Akajibu: "Patron, ile iko kazi ya kidogo tu." Nilimwambia nataka lipande zaidi. Ile pia iko kazi ya kidogo.

Kwa sababu ya mvua tunafanya kazi hapa hapa Bel-Air, ndani ya lupango wetu, ua wenye ukuta pande zote, chini ya turubai kando ya baraza. Osée ametoa springi za zamani na kuweka za basi dogo lililokufa. Ndefu! Nilimtahadharisha kwamba springi zile zimechoka, zimebeba abiria miaka mingi, zinabonyea upesi. Akasema kubonyea ndiyo starehe yenyewe. Hoja nzuri. Nimeikubali.

Matairi nayo ni makubwa zaidi, ya mitumba lakini yenye meno. Yaligusa plastiki za ndani. Tukakata plastiki. Yakagusa bati. Tukalikunja bati.

Mchana niliweka bomba la kupumulia. Nafafanua: injini ikivuta maji, inakufa. Basi inapewa pua ndefu ipumue juu ya maji. Pua zinazouzwa madukani ni ghali. Nimetumia bomba la plastiki, lile la maji machafu, jipya kabisa, limepanda kando ya kioo hadi kwenye paa. Rachida aliuliza kama bafu litafuata.

Ijumaa, tarehe 5 Desemba

Siku kubwa. Nimetoka msikitini moja kwa moja hadi kwenye gari, bila hata kumaliza kusalimiana na watu.

Lilikuwa limebaki jambo moja: kichanja cha mizigo juu ya paa. Nilikumbuka kitanda cha chuma cha binti yetu Najma, ambaye ameolewa na hana haja nacho. Umeme uliporudi Osée akakichomelea juu ya gari, miguu na yote. Nilipendekeza tukifunge kwa skrubu. Akasema skrubu wezi wanafungua. Hoja nzuri tena!

Nilirudi nyuma nikatazama. Machozi yalinilenga. Lile gari la kupeleka watoto shule sasa limesimama kama kifaru. Rachida alipanda kwa kutumia kibao cha jikoni, akakaa, akatazama chini, akashuka. Akakirudisha kibao jikoni. Heshima, nadhani.

Faustin akaja na mke wake Germaine. Akalizunguka gari mikono nyuma, kama anayekagua treni.

"Prof," akasema, "motokari yako iko na kitanda, iko na bomba ya choo. Inabakia tu jiko!"

Germaine alicheka hadi akashika ukuta. Wivu mtupu. Nikaingia garini, nikawasha, nikaelekea mlangoni niwaonyeshe.

Bum!

Nafafanua. Juu ya mlango mkubwa wa lupango kuna boriti ya zege. Jumanne gari liliingia chini yake bila shida. Tangu Jumanne gari limekua. Halikukua barabarani, limekua humu ndani, kama boga lililokulia kwenye chungu. Sasa kitanda kinapita boriti kwa urefu wa kiganja na zaidi.

Boriti ile aliijenga marehemu baba yake Rachida, fundi mwashi wa Kindu, kwa mikono yake mwenyewe. Haiguswi. Mimi nilitazama tu upande ilipo nyundo. Rachida akanitazama mimi.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba

Osée yuko harusini Likasi. Simu imezimwa. Kitanda hakitoki, nimejaribu kwa msumeno, kwa spana, kwa maneno. Nimepunguza hewa kwenye matairi. Gari likashuka kidogo. Haitoshi.

Nikaketi, nikafikiri kama mtu msomi. Springi zinabonyea chini ya uzito. Basi tatizo si boriti, tatizo ni wepesi! Nikapakia mbolea yote kwenye viti vya nyuma. Gari likashuka. Bado vidole vichache. Nilihitaji uzito mkubwa zaidi. Nilijua unakaa wapi.

Nikaenda kubisha hodi kwa Faustin. Nikamwambia namkaribisha akae ndani ya gari langu. Akauliza tunakwenda wapi. Nikasema hatuendi popote, tunatoka tu hadi barabarani. Akafikiri. Akauliza kama namkaribisha yeye au kilo zake. Nikamjibu kwamba kisayansi vitu hivyo viwili havitenganishiki.

"Germaine!" akaita. "Kuya uone! Prof anatafuta bantu banene!"

Alikuja, naye Germaine, na akina mama wa sauti ya pili wa kwaya ya parokia, waliokuwa kwake kwa mazoezi. Magunia ya mbolea yalikuwa yamekalia nafasi yao. Nikayashusha barazani. Wakaingia, wakibanana, mmoja akilalamika kwamba Germaine amekalia mkoba wake. Springi zikalia. Gari likainama taratibu, kama mtu anayesalimia wakwe.

Nikaendesha polepole. Kwaya ikaanza kuimba, sijui kwa imani au kwa hofu. Kitanda kikagusa boriti, kikakwaruza, kikapita. Nje! Mtaa mzima ukapiga makofi. Walipokuwa wakishuka, gari lilipanda lenyewe, mwanakwaya mmoja baada ya mwingine, hadi likasimama tena kwa fahari yake yote.

Nikarudishia matairi hewa, sikutaka kupoteza hata dakika nyingine. Rachida akapanda kwa kibao, tukaondoka.

Na sasa niandike kwa herufi kubwa: lile tuta tulilipita! Halikugusa hata kidogo! Nikasimama, nikarudi nyuma, nikalipita tena. Niliteremsha kioo nikawasalimu watu nisiowajua. Nilipita dimbwi ambalo halikuwa njiani, kwa makusudi, ili pua ipate kazi. Tukafika shambani. Rachida aliruka chini, akatabasamu. Aliwahi kunitabasamia hivyo siku ya posa. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

Gari lilikuwa tupu. Mbolea ilikuwa barazani, Bel-Air.

Tukageuza gari kurudi. Nilimweleza kwamba jaribio lichukuliwe kuwa limefaulu, maana tulijaribu gari, hatukujaribu mbolea. Akafunga kioo, ingawa upepo ulikuwa mzuri.

Kwetu haliingii, kwaya ilikuwa imeshatawanyika. Gari limelala kwa Faustin, ambaye hana ukuta. Alilipokea kama mtu anayepokea mahari.

Jumapili, tarehe 7 Desemba

Siku ya mwisho. Mara hii nilihesabu magunia kwa kuyagusa. Yote ndani. Faustin aliomba kuja kama shahidi, akakaa mbele bila kusubiri jibu. Rachida akakaa nyuma, juu ya mbolea, asije akaipoteza tena.

Tukafika kwenye tuta. Nikasema: tazameni sasa.

Gari likaukalia mgongo wa udongo kwa tumbo. Mahali pale pale pa Jumanne.

Nafafanua. Uzito uliotuinamisha ili tutoke chini ya boriti ndio uleule unaotuinamisha juu ya tuta. Sheria haikubadilika kati ya Jumamosi na Jumapili. Kwa kweli nilivutiwa. Nilikuwa peke yangu katika hilo.

Nikamwomba Faustin ashuke. Goti, akasema. Nikamwomba kwa jina la ujirani. Akashuka. Bado. Rachida akashuka. Bado. Tukashusha magunia, mimi na mke wangu, katika tope, na Faustin akitoa maagizo kama stesheni masta. Gari likapanda! Likapita tuta bila kugusa! Tukapakia magunia upande wa pili. Mbele kidogo, tuta jingine. Likakaa.

Rachida akapangusa mikono. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ameelewa vizuri: gari hili linaweza kupita popote duniani ilmradi halina kitu ndani? Nikamwambia hata wanafunzi wangu bora hawakuwahi kuieleza vizuri namna hiyo.

Hapo akatokea Kangwa, muuza makala, makaa ya kupikia, anarudi kwake Kasungami, baiskeli tupu baada ya kuuza mjini. Akasimama. Akatutazama, akalitazama gari, akakitazama kitanda.

"Muzee," akaniuliza, "ile motokari inabebaka bantu, ao bantu njo banaibebaka?"

Gari kubeba watu, au watu kulibeba gari! Faustin alicheka hadi goti likapona. Rachida hakucheka. Alikuwa tayari anapatana na Kangwa. Magunia yakafungwa kwenye baiskeli kwa mipira ya tairi, na Kangwa akaanza kuisukuma, mke wangu akishika nyuma. Mimi nikafuata na gari tupu, Faustin akitembea kando. Lilikwenda vizuri mno! Kila tuta lililainika. Mara mbili nililazimika kufunga breki nisimgonge Kangwa.

Tukafika jua likiwa bado juu. Nikamwambia Rachida kwamba masharti yametimia: mbolea iko shambani, gari liko shambani, jioni haijafika.

"Baba Najma," akasema, "mbolea imefika na kinga."

Kinga! Baiskeli! Nilianza kufafanua tofauti kati ya kufika na kufikisha. Alikuwa ameshaanza kugawa mbolea kwenye mistari ya mahindi. Faustin naye alikuwa amekaa upande wa usukani, anarekebisha kioo.

Jumatano, tarehe 10 Desemba

Gari limekwenda. Sina kinyongo. Nimeona Faustin akimpeleka Germaine mazoezini, yeye mwenyewe usukanini, na gari limekaa kwa kimo cha kawaida kabisa, kama halijawahi kuguswa na fundi. Kitanda wanaanikia nguo za kwaya.

Rachida aliniambia nisihuzunike. Kwa sehemu ya malipo amenunua kinga ya chuma, imara, kama ile ya Kangwa. Itabeba mbolea, itabeba mahindi, haikwami popote. Akaniegemezea ukutani, akanipa na kitambaa cha kuifutia.

Nimeichunguza tangu asubuhi. Ni chombo kizuri, lakini kina kasoro moja kubwa. Magurudumu mawili! Nafafanua: kitu kinachosimama juu ya nukta mbili kinataka kuanguka. Kangwa hakujua, kwa hiyo haikumsumbua. Kikipata gurudumu la tatu, na la nne, na jukwaa pana katikati, na paa dogo la turubai, gunia litasafiri kama waziri.

Osée amerudi kutoka Likasi. Anasema ni kazi ya kidogo tu.

Mvua haijakatika, na turubai la baraza sasa ni paa la baiskeli, kwa hiyo tumehamia sebuleni. Tumesogeza viti ukutani. Jukwaa limekwisha kuchomelewa, magurudumu yote manne yanagusa sakafu, na upana wake unapendeza, linakaribia kugusa kabati la vyombo. Rachida aliuliza kutoka jikoni mlango wa sebule una upana gani. Nimemwomba asituchanganye na mambo ya nyumba. Tuko kwenye magurudumu.