Malalamiko Dhidi ya Mkaguzi Aliyesoma Fomu

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Kazi,

Kwa masikitiko makubwa nakutaarifu kwamba Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, katika ofisi ya kiwanda chetu cha mikate, fomu ilisomwa. Mimi karani nilishuhudia kwa macho yangu mawili, ingawa moja halioni vizuri.

Kwa niaba ya kiwanda nalalamika hivi:

1. Kwa miaka tisa tumewajazia fomu zenu za ajira bila kukosa. Wakaguzi waliotangulia walizipokea kistaarabu, wakagonga muhuri, wakanywa chai, wakaenda zao. Huyu binti yenu alikataa chai, akavaa miwani, akafungua faili.

2. Fomu yenu ina kisanduku kisemacho "Sababu ya kumkataa mwombaji". Tukidhani ni pambo, tulijaza ukweli. Dada yetu wa tanuri, mwenye miaka kumi na minne kwenye moto, aliomba nafasi ya mkuu wa zamu mara tatu. Mara tatu nikaandika: "Ni mwanamke." Mwandiko ni mzuri, hata binti alikiri.

3. Mkaguzi alimuuliza shemeji wa mkurugenzi, aliyepewa cheo hicho, tanuri huwashwaje. Shemeji akajibu kwamba yeye hulikuta limeshawaka. Swali la kuvizia namna hiyo haulizwi mtu mzima mbele ya walio chini yake. Walicheka.

4. Sasa tumeamriwa tumpandishe cheo dada huyo ndani ya siku kumi na nne. Wanawake wa kufungasha mikate nao wanadai nakala za fomu zao. Mfagizi tuliyemnyima kazi ya ulinzi kwa sababu "anachechemea" amekuja na kalamu yake mwenyewe. Tukiendelea hivi, sheria itafuatwa.

Hivyo tunaomba amri ifutwe, mkaguzi ahamishiwe ofisi isiyo na makabati, na kisanduku kiondolewe, tusije tukasema kweli tena kwa bahati mbaya.

Nisalimie wote hapo, hasa yule mzee wa muhuri.

Wako mtiifu,
Karani wa Kiwanda

Nyongeza: Mkurugenzi ameisoma barua hii hadi kwenye sahihi. Haya nayaandikia kwenye kaunta ya posta. Kila mara aliniagiza nijaze "hana uzoefu", na kila mara nikakumbuka kwamba wakuu wa zamu wengine wote walifundishwa kazi na dada huyohuyo. Kumbishia bosi sikuthubutu. Mimi ni mwoga tangu utotoni. Basi nikaandika sababu yenyewe, nikawaletea nyinyi, nikakaa kungoja mtu asome. Tafadhali msifute hata nukta ya ile amri.